Mguu Ujerumani, Mkono Washington: Uchambuzi wa Kisa cha Bert Shepard

Jumamosi ya tarehe 4 Agosti 1945, katika uwanja wa Griffith jijini Washington, timu ya nyumbani ya besiboli ilikuwa inapokea kichapo cha aibu. Ilikuwa mechi ya pili ya siku hiyo dhidi ya Boston Red Sox, na katika awamu ya nne peke yake Boston walivuna mikimbio 12 (mkimbio ndio bao la besiboli). Tom McBride wa Boston alichangia sita kati ya hiyo. Kocha mkuu wa Washington Senators, Ossie Bluege, alikuwa ameshamtoa mrushaji wake wa kwanza na kumwingiza kijana mzaliwa wa Cork, Ireland, aitwaye Joe Cleary. Maskini Cleary aliangushiwa jumba bovu. Alifanikiwa kumtoa mpigaji mmoja tu, akaandikiwa mikimbio saba, na hakucheza tena ligi kuu maisha yake yote.

Besi zote tatu, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hupitia kabla ya kufunga, zilikuwa zimejaa, na kumebaki mpigaji mmoja wa kutolewa ili awamu iishe. Bluege akamwita mrushaji wa mkono wa kushoto, Robert Earl Shepard, maarufu kama Bert, mwenye umri wa miaka 25. Akatembea hadi katikati ya uwanja kwa mguu wa kushoto aliozaliwa nao na mguu wa kulia wa bandia. Mpigaji George Metkovich alikosa mara tatu akatolewa, awamu ikafungwa. Shepard akaendelea kurusha mpaka mwisho wa mechi: awamu tano na theluthi (kila awamu huisha wapigaji watatu wakitolewa), akiruhusu mapigo safi matatu, mkimbio mmoja, na mpigaji mmoja tu aliyepewa besi ya bure, ambayo hutolewa mrushaji akikosa shabaha mara nne. Washington wakalala 15 kwa 4.

Hiyo ndiyo mechi pekee rasmi aliyowahi kucheza ligi kuu.

Kisa hiki husimuliwa sana kama cha mvumilivu hula mbivu: kijana alipoteza mguu vitani, hakukata tamaa, akatimiza ndoto. Sina ugomvi na uvumilivu wa Shepard. Ila ukikaa chini ukakipima kisa chenyewe, utaona kwamba moyo wake ulikuwa uleule kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita. Kilichobadilika ni mazingira. Ndiyo maana swali ninalolifuata hapa si "alikuwa jasiri kiasi gani?" bali "mlango ulifunguliwa na nani, na kwa nini ulifungwa haraka hivyo?"

Tuanze na alikuwa nani kabla ya vita, kwa sababu wasimulizi wengi hupita hapa mbiombio. Alizaliwa 28 Juni 1920 katika mji mdogo wa Dana, jimbo la Indiana. Alikuwa na mkono wa kushoto wenye kasi, bidhaa inayotafutwa sana katika besiboli, lakini mpira haukumtii. Aliwapa wapigaji besi za bure kupita kiasi. Besiboli ya Marekani wakati huo ilikuwa na ngazi ndefu chini ya ligi kuu: ligi ndogo zilipangwa kwa madaraja ya herufi, na daraja D ndilo lililokuwa la mwisho. Shepard alizunguka huko chini, pamoja na Wisconsin Rapids, akitoka timu moja kwenda nyingine. Vijana wa aina yake walikuwa maelfu. Mshahara kiduchu, safari za basi usiku kucha, na kila masika kuna mwenye kasi kuliko wewe. Kwa jinsi alivyokuwa akirusha, sioni dalili kwamba mwaka 1942 kulikuwa na timu yoyote ya ligi kuu iliyomhesabu katika mipango yake. Mtu huyu mwenye miguu miwili, katika nchi yenye amani, huenda angekuwa fundi au mkulima wa Indiana aliyewahi kucheza kidogo ujanani.

Mwaka huo huo akaitwa jeshini.

Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameandika barua mwezi Januari 1942 akisema besiboli iendelee kuchezwa ili kuwapa wananchi burudani, lakini wachezaji wenyewe hawakupewa msamaha wowote wa kuandikishwa. Wachezaji wa ligi kuu wapatao 500 walivaa sare za jeshi vita hivyo, na wa ligi ndogo walikuwa maelfu. Ligi ndogo zenyewe, zilizokuwa zaidi ya 40 kabla ya Marekani kuingia vitani, zilipukutika zikabaki kama kumi hivi. Hili tulishike, maana ndilo lililokuja kumnufaisha baadaye.

Jeshini Shepard aliomba urubani, na hakuwa amewahi kurusha ndege hata siku moja. Akafuzu, akapewa P-38 Lightning, ndege ya kivita ya injini mbili, na kupelekwa Uingereza katika Kikosi cha 55 cha ndege za kivita, kilichokuwa na kituo Wormingford, Essex. Huko hakuacha mchezo. Alishiriki kutengeneza uwanja wa besiboli pale kituoni na akawa kiongozi wa timu. Jumapili ya tarehe 21 Mei 1944 timu ilikuwa na mechi, na yeye akajitolea kwenda kwenye safari yake ya 34 ya vita, akitarajia kurudi kwa wakati.

Siku hiyo Washirika walituma ndege kwa mamia kushambulia treni na reli za Ujerumani, operesheni iliyopewa jina la Chattanooga, mji wa Marekani unaosifika kwa treni. Karibu na Ludwigslust, kaskazini mwa Ujerumani, Shepard alishuka chini kabisa kushambulia uwanja wa ndege. Mizinga ya kutungulia ndege ikampata mguu wa kulia, kisha kipande kingine kikampiga kidevuni. Ndege ilijibamiza shambani ikiwa na mwendo mkali. Kwa desturi kisa kingeishia hapo.

Anayefuata ni mtu ambaye bila yeye hakuna cha kuchambua: Ladislaus Loidl, Mwaustria, daktari wa jeshi la anga la Ujerumani. Alipofika kwenye mabaki, wakulima wenye hasira walikuwa wameshaizunguka ndege, wako tayari kummaliza rubani. Tuwe wakweli, wakulima wale nao walikuwa na sababu zao. Ndege za Marekani zilikuwa zinapiga chochote kinachosogea ardhini. Loidl aliwazuia kwa bastola, akamtoa Shepard ndani ya mabaki na kumkimbiza hospitali. Hospitali ya kwanza ikakataa kumpokea kwa kuwa ni rubani wa adui. Daktari huyo akapiga simu kwa wakubwa wake Berlin mpaka ikapatikana amri ya kumtibu. Shepard alizinduka siku kadhaa baadaye, fuvu limepasuka, na mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Chini ya goti. Maneno haya matatu yana uzito kuliko hotuba zote zilizokuja kutolewa juu ya ushujaa wake. Aliyekatwa juu ya goti hupoteza kiungo kinachobeba karibu kila mwendo: kukimbia, kuchuchumaa, kugeuka ghafla. Aliyebakiwa na goti lake ana pa kuanzia.

Na hapa kuna jambo ambalo halitajwi sana. Mrushaji wa mkono wa kushoto husimama na mguu wa kushoto ukikanyaga kibao cha raba kilichochimbiwa katikati ya uwanja. Nguvu yote ya kurusha huanzia hapo: anajisukuma kwa mguu huo wa nyuma, anapiga hatua ndefu mbele, kisha anatua kwa mguu wa kulia huku mkono ukipita. Shepard alipoteza mguu wa kutulia, akabakiwa na wa kujisukumia. Angepoteza wa kushoto, sidhani kama kasi ingebaki. Kwa mguu wa kulia, shida ilikuwa nyingine. Kifundo cha mguu ndicho kinachopokea kishindo cha kutua na kuurekebisha mwili usiyumbe. Mguu wa bandia wa zama zile haukuwa na kifundo chenye akili ya aina hiyo, kwa hiyo kishindo cha kila mpira kilipanda moja kwa moja hadi kwenye kigutu. Zidisha hilo kwa mipira kadhaa ya mazoezi, kila siku. Halafu kuna kazi ya pili ya mrushaji, ile ya kukimbilia mipira inayoguswa kidogo tu ikadondokea mbele yake. Hapo ndipo mpinzani mwenye roho ngumu angemjaribu.

Sasa fikiria jinsi alivyoanza kujifunza. Akiwa mfungwa wa vita, mfungwa mwenzake kutoka Canada, Don Errey, aliyekuwa mhudumu wa afya, alimchongea mguu wa bandia kwa vifaa vya kuokoteza kambini. Shepard akauvaa na baada ya muda mfupi akawa anarushiana mpira na wafungwa wengine. Hakusubiri kupona ndipo ajue kama ataweza. Alijifunza kutembea na kujifunza kurusha kwa wakati mmoja, na mimi naamini hili lilimsaidia kitaalamu: mwili wake haukupata nafasi ya kuzoea mwendo wa mgonjwa kwanza. Februari 1945 alirudishwa Marekani katika mabadilishano ya wafungwa, kwa meli ya Gripsholm ya Uswidi.

Alipokuwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed akipimiwa mguu bora zaidi, akatembelewa na Naibu Waziri wa Vita, Robert Patterson. Patterson alitaka kujua mipango yake. Shepard akasema anataka kucheza besiboli. Patterson akampigia simu Clark Griffith, mmiliki wa Senators, na Griffith akakubali kijana aletwe ajaribiwe.

Simu ile haikuwa ya kirafiki tu. Serikali ya Marekani ilikuwa na maelfu ya vijana waliorudi bila miguu au mikono, wamelala wodini wakijiuliza watakuwa nani sasa. Mtu anayerusha mpira kwa mguu wa bandia mbele ya kamera alikuwa na thamani kwa Wizara ya Vita kuliko vipeperushi milioni. Na kweli, picha za sinema zilipigwa, na Shepard akazunguka hospitalini akiwaonyesha wenzake anavyotembea. Kusema serikali ilimtumia si kumvunjia heshima. Naye aliitumia serikali, na nadhani katika biashara hiyo hakuna aliyepunjika.

Upande wa besiboli napo palikuwa na njaa. Kufikia 1945 timu zilikuwa zinacheza na wazee, watoto, na wale waliokataliwa na jeshi kwa sababu za kiafya. St. Louis Browns walikuwa na Pete Gray, mchezaji mwenye mkono mmoja, aliyecheza mechi 77 msimu huo. Hata mazoezi ya kabla ya msimu yalipangwa karibu na nyumbani kwa sababu ya vikwazo vya usafiri, kwa hiyo Senators badala ya kwenda Florida walikuwa wanajinoa College Park, Maryland, mwendo mfupi kutoka Walter Reed. Bahati ya mtende! Mwaka wa amani Griffith angekuwa mbali kusini, na Shepard angebaki na simu ya Patterson mkononi.

Machi akajaribiwa: kurusha, kukimbia, kudaka, kufukuzia mipira mifupi. Griffith akampa mkataba, kwanza kama kocha msaidizi na mrushaji wa mazoezini. Tarehe 10 Julai, mwaka ambao mechi ya nyota wote ilifutwa kwa sababu ya vita, Senators walicheza mechi ya hisani dhidi ya Brooklyn Dodgers. Shepard ndiye aliyeanza kurusha, na Washington wakashinda 4 kwa 3. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema yupo pale kwa ajili ya picha tu. Lakini mechi ya hisani haina pointi, na ya hesabu ilikuwa bado.

Ndipo tunarudi kwa Bluege na uamuzi wake wa tarehe 4 Agosti. Ratiba ilikuwa imebana, mechi mbilimbili kwa siku mfululizo, na warushaji walikuwa wamechoka hoi. Mechi yenyewe ilikuwa imeshazama. Kumtumia mrushaji wa kutegemewa katika mechi iliyopotea ni kumpotezea nguvu bure. Kwa hiyo Shepard hakuitwa kuokoa jahazi. Aliitwa kwa sababu jahazi lilikuwa chini tayari. Hilo halipunguzi alichokifanya, maana wapigaji wa Boston hawakuweka magongo chini kwa huruma. Waliendelea kupiga, na katika awamu tano na ushee walipata mkimbio mmoja tu. Wastani wake wa mikimbio aliyoruhusu ukaandikwa 1.69 kwa awamu tisa. Wa Cleary, aliyemwachia kijiti siku hiyohiyo, ni 189.00.

Kinachonishangaza mimi zaidi ya wastani huo ni ile besi moja ya bure. Kijana aliyesumbuliwa na shabaha kwa miguu miwili katika daraja D, alitoa moja tu dhidi ya Red Sox kwa mguu mmoja wa bandia. Sampuli ni ndogo, nakubali, na mechi moja inaweza kudanganya. Lakini inawezekana pia kwamba kulazimika kutua kwa uangalifu kulimtuliza mwili mzima, akaacha kujirusha ovyo kama zamani. Warushaji wengi wenye kasi hupata shabaha siku wanayoacha kutumia nguvu zote.

Kwa nini basi hakuitwa tena? Senators waliokuwa wanachekwa na wengi walikuwa, msimu ule wa ajabu, kwenye mbio za ubingwa hadi wiki ya mwisho. Walimaliza wa pili, mchezo mmoja na nusu nyuma ya Detroit. Warushaji wao wanne wa kutegemewa, Dutch Leonard, Roger Wolff, Mickey Haefner na Johnny Niggeling, wote walikuwa mafundi wa mpira wa kuyumba, ule usiochosha bega haraka. Bluege alikuwa na watu wa kutosha na kila mechi ilikuwa dhahabu. Kama kocha, namwelewa. Kama msomaji wa takwimu, nasema kulikuwa na mechi nyingine zilizokuwa zimeshalala ambazo Shepard angeweza kupewa, na hakupewa. Mwishoni mwa Agosti, katikati ya mechi mbili za siku moja, alivishwa nishani ya Distinguished Flying Cross pale pale uwanjani. Nishani wakampa, mpira hapana.

Japani ilikuwa imeshatangaza kusalimu amri katikati ya mwezi huo. Mwaka 1946 wenye nafasi zao wakarudi kutoka vitani, uhaba ukaisha, na Shepard akashushwa ligi ndogo. Timu aliyopelekwa ni Chattanooga, jina lilelile la operesheni iliyomkata mguu. Sijui kama yeye mwenyewe alicheka.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kipande cha uchungu zaidi katika kisa hiki, na wasimulizi hukimeza kwa sentensi moja. Kigutu kilikuwa hakijatengenezwa vizuri. Kilikatwa kule Ujerumani katika hali ya dharura, kwa lengo la kuokoa maisha, si kutengeneza mwanamichezo. Akarudishwa chumba cha upasuaji Walter Reed, upasuaji ukazaa mwingine, matatizo yakafuatana, na miaka yake bora ya kurusha ikapita akiwa nje ya uwanja. Mrushaji wa kushoto mwenye miaka 26 hadi 28 ndiyo kwanza anaiva. Alipoweza kurudi, 1949, alikuwa mchezaji na meneja wa timu ya Waterbury, Connecticut, akirusha na pia kucheza besi ya kwanza. Hata besi aliiba, yaani alikimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa! Aliendelea huku na kule katika ligi ndogo hadi miaka ya 50, ila ligi kuu haikumwita tena.

Je, angedumu ligi kuu kama upasuaji ungeenda sawa? Nikipima, nadhani angeambulia msimu mmoja au miwili kama mrushaji wa kuingia mwishoni, si zaidi. Kigutu kisingevumilia mzigo wa kuanza mechi kila siku ya nne au ya tano. Lakini msimu mmoja ni mwingi sana kwa mtu ambaye mwaka 1942 alikuwa hana hata mechi moja ya kutarajia huko juu. Vita vilimnyang'anya mguu na vikampa nafasi, na ukweli huu hausemeki vizuri kwenye sherehe ya nishani.

Baadaye aliajiriwa IBM, kisha Hughes Aircraft kama mhandisi wa usalama kazini. Alihamia kwenye gofu, mchezo usiodai kukimbia, na akatwaa ubingwa wa taifa wa Marekani kwa waliokatwa viungo mara mbili, 1968 na 1971. Mazoea ya kuhamisha uzito juu ya mguu wa bandia, aliyoyapata kambini na College Park, hayakupotea bure.

Loidl naye alikuwa hai. Kwa karibu miaka 50 hakujua kama yule rubani aliyemtoa shambani alipona au alikufa. Akiwa mzee alimsimulia Mwingereza mmoja aliyekutana naye katika safari ya uwindaji, na huyo ndiye aliyefuatilia kumbukumbu mpaka jina likapatikana. Mwaka 1993 Shepard alisafiri hadi Austria, wakakutana. Daktari huyo hakuwa shabiki wa besiboli na hakuwa na habari kwamba mgonjwa wake wa nusu saa aliwahi kucheza Washington. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, kama kijana yule aliishi. Shepard alifariki 16 Juni 2008 huko California, akiwa amebakiza siku 12 kutimiza miaka 88.